Januari Inaanza Novemba

Mada iliyotolewa na mwalimu mstaafu wa madarasa ya awali na la kwanza katika mkutano mkuu wa mwaka wa wanachama waishio Dar es Salaam



Nimeombwa niseme machache kuhusu kumwandaa mtoto kwa siku yake ya kwanza shuleni. Naona mada hii imepangwa kabla ya harambee, na nadhani haikupangwa hivyo kwa bahati.

Wengi wetu humu ndani tuliandikishwa shule kwa mkono. Mwalimu alikuambia upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ushike sikio la kushoto. Ukilifikia, unaandikwa. Usipolifikia, unarudi kuchunga mbuzi mpaka mwakani. Hata baada ya mkutano wa Musoma wa Novemba 1974, watoto walipoandikishwa kwa wingi kila kijiji, wapo walioanza darasa la kwanza wakiwa na miaka tisa au kumi. Mtoto wa umri huo ameshatumwa dukani, ameshateka maji, ameshabeba mdogo wake mgongoni. Kumwandaa kulikuwa kumkatia ufagio na kumtafutia dumu la maji, basi.

Wa leo si huyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inataka mtoto akae mwaka mmoja darasa la awali, kisha aanze la kwanza akiwa na miaka 6. Kwa hiyo anayetoka nyumbani asubuhi ya Januari, na ukungu bado haujapanda, ni mtoto wa miaka 5. Huyo hajamaliza kujifunza kufunga vifungo.

Watu hudhani mwalimu anamwogopa mtoto anayelia. Hapana. Anayelia atanyamaza akiona wenzake wanacheza. Mimi nilikuwa namtafuta aliyekaa kimya kabisa. Kuna shule moja, jina lake tuliache, ambako mtoto alikaa hivyo tangu asubuhi mpaka karibu na saa sita. Nyumbani alilelewa na bibi, akajua Chasu tu, na mwalimu siku hiyo alikuwa mgeni wa mkoa mwingine. Mtoto alibanwa na haja ndogo na hakujua aseme nini. Mnajua kilichofuata, na mnajua watoto wanavyocheka. Kesho yake alitoka nyumbani na sare yake, akaishia migombani. Keshokutwa vivyo hivyo. Bibi aliamini mjukuu anasoma. Nilimpokea mimi mwaka uliofuata, akiwa mrefu kuliko wenzake wote na akiona haya kwa hilo pia.

Mwaka mzima ulipotea kwa kukosa sentensi moja. Basi mfundisheni hizo sentensi, ziko chache: naomba kwenda chooni, naomba maji, sijasikia, naumwa. Azizoee nyumbani kwa kuzitumia, kama mchezo, mmoja wenu akiwa mwalimu. Wazee wangu msiniangalie hivyo, sijasema watoto waache Chasu. Mtoto aliyejaa maneno ya bibi yake hujifunza Kiswahili upesi kuliko yule ambaye hakuzungumziwa lugha yoyote ila kelele za televisheni. Nasema tu apewe na hizo nne.

Na jina lake alijue. Mnacheka, lakini nimeita daftari la mahudhurio mara nyingi na jina likapita bila mtu kuitika, kumbe mwenyewe amekaa mbele yangu. Nyumbani anaitwa Baba, au Bibi Mdogo, au jina la mchezaji wa mpira. Lile la cheti cha kuzaliwa hajawahi kulisikia. Mwiteni jina hilo tangu sasa.

Jambo jingine ni vitisho. "Ngoja uende shule, mwalimu atakunyoosha." Sentensi hii inatumika kila nyumba mtoto anapokataa kula au kuoga. Kwa miezi sita unamjengea mtoto picha ya mtu mwenye fimbo, halafu asubuhi moja unamkabidhi kwa mtu huyo na kumwambia asilie!

Kuhusu sare, naomba nisikilizwe na ninyi mnaotuma pesa. Ada iliondolewa kuanzia Januari 2016, ni kweli, lakini sare, viatu na madaftari ni vya mzazi, na uji wa shuleni hauji wenyewe, kuna michango ya mahindi au fedha. Sisi wa mjini tuna desturi ya kutuma pesa kwa simu Januari, baada ya sikukuu, ile iliyobaki. Wakati huo fundi ana foleni. Bibi anakwenda kukopa sare iliyoshonwa tayari, na iliyobaki ni ya mtoto wa darasa la nne. Tunasema atakua nayo. Ndiyo, atakua nayo, lakini siku ya kwanza anaikanyaga sketi, na kaptura ameishika kwa mkono mmoja, mkono ambao ulitakiwa kushika penseli. Viatu vipya navyo, kwa njia zetu za mteremko, vinamchubua kabla hajafika. Avivae nyumbani wiki mbili kwanza. Tumeni pesa Novemba, ndugu zangu. Hata ikiwa nusu.

Lakini tukimwandaa hivyo vyote, akajua jina lake na sentensi zake na viatu vimelainika, anakwenda wapi?

Kitongoji cha juu tunakijua. Kutoka kule mpaka shule mama mtoto anavuka makorongo mawili. Mvua za vuli zikichelewa kuisha, Januari njia bado ni utelezi. Sisi tunaoikumbuka Goha ya Novemba 2009, ardhi ilipoporomoka usiku juu ya nyumba za watu, hatuwezi kumlaumu mama anayemzuia mtoto wa miaka 5 siku ya mvua. Anazuiwa wiki ya kwanza, anazuiwa ya pili, na kufika Machi wenzake wameshajua irabu naye bado ni mgeni.

Ndiyo sababu ya shule shikizi tuliyoianza. Wananchi wamefanya msaragambo, wamesomba mawe na mchanga kwa vichwa, boma la vyumba viwili limefika kwenye lenta. Linangoja mbao na bati, na linangoja choo.

Hapa kwenye choo najua hatujakubaliana. Kuna wenzetu, vijana hasa, waliopendekeza fedha za mwaka huu ziende kwenye kompyuta za shule mama, choo kifuate baadaye. Ninaheshimu wazo hilo, ila silikubali. Mwongozo wa serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Mafundi wetu wakiachwa wenyewe watachimba choo cha watu wazima. Mtoto wa miaka 5 akiliona tundu lile kubwa na giza lake, anaogopa kutumbukia, na ana haki ya kuogopa. Atajisaidia nyuma ya darasa, au atajizuia mpaka saa sita, au hatakuja kabisa. Tunataka tundu dogo, sakafu inayosafishika, komeo analolifikia, na maji ya kunawa mlangoni. Yule mtoto wa migombani hakushindwa herufi, ndugu zangu. Hakufika hata kwenye herufi.

Mhazini ana fomu za ahadi. Anayetaka kutoa bati aandike bati, anayetaka kutoa fedha aandike fedha, na anayelipa kwa awamu aandike tarehe anayoiweza, asiandike tarehe ya kutufurahisha. Fundi anahitaji mbao kwanza, kwa hiyo ahadi za mbao zisivuke katikati ya Desemba.

Mnaokwenda nyumbani sikukuu hii, nina ombi moja. Chagueni mtoto mmoja wa kitongoji cha juu atakayeanza awali mwakani, wa kwenu au wa jirani. Mwombeni mama yake, mtoke naye saa kumi na mbili asubuhi, mshikeni mkono mpaka shule mama kwa mwendo wake yeye, si wenu. Angalieni saa mkifika. Mkirudi mjini Januari, nipigieni simu mniambie ni dakika ngapi, na alipumzika mara ngapi njiani.