Mtu wa Kwanza Kuambiwa

Ndugu wanafunzi, walimu wetu, wenyeviti wa mitaa inayozunguka chuo hiki, na ninyi wenye nyumba mnaowapangisha vijana wetu,

Tumo ndani ya Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Maandamano tumefanya, risala tumesikia. Mimi naomba tuzungumze habari ya saa.

Mtu aliyebakwa ana saa 72 tu za kuanza dawa za kinga dhidi ya VVU, ambazo atazimeza kwa siku 28, na akianza mapema zaidi, kinga huwa na nguvu zaidi. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina siku tano. Ushahidi ulio mwilini huondoka kwa ndoo moja ya maji, na ulio kwenye nguo huondoka kwa sabuni. Saa hizo haziwezi kumngoja baba mdogo asafiri kutoka Mwanza ili kikao cha ukoo kitimie.

Sasa tuulizane, nani huzipoteza saa hizo? Sisi tunaofanya kazi ya msaada wa kisheria tunakutana na jibu lilelile: mara nyingi ni yule wa kwanza kuambiwa. Ni mwenzake wa chumbani, dada yake, mama mwenye nyumba, mjumbe wa mtaa. Watu wema kabisa. Lakini neno la kwanza linalowatoka ni swali: ulikwenda kufanya nini kwake usiku ule? Si mlikuwa wapenzi? Binti akishaulizwa hivyo anaoga, anafua, anajifunika shuka. Kesho yake anahudhuria kipindi kama kawaida, na saa zinakwisha.

Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kuandamwa na kundi la wanafunzi lililojulikana kama Punch. Jina lake silitaji hapa, familia yake imeumia vya kutosha. Waliokuwa wakimwandama walikuwa wasomi wenzake, na waliokuwa wakitazama walikuwa wengi kuliko hao. Miaka minane baadaye, baada ya kampeni ndefu ambayo waandishi wanawake wa TAMWA walikuwa mstari wa mbele, Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998.

Sheria basi tunayo. Lakini tazameni kaunta ya kituo cha polisi siku ya Jumatatu asubuhi. Binti amejifunga kanga juu ya suruali, mkononi ana mfuko. Nyuma yake yupo aliyepotelewa na simu, na dereva wa bodaboda anayefuatilia pikipiki yake. Anaulizwa shida yake, anajibu kwa sauti ya chini. Anaambiwa, "Ongeza sauti, dada." Wote wanageuka. Ndiyo maana Jeshi la Polisi likaanzisha Madawati ya Jinsia na Watoto, ili awepo askari aliyefunzwa, kwenye chumba chenye mlango. Ukimsindikiza mtu, usimwache kaunta. Uliza dawati liko wapi, mwende huko.

Na pale penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, kama Hospitali ya Amana kule Ilala, nendeni huko moja kwa moja. Daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja, hivyo mtu harudii kisa chake katika ofisi nne. Fomu ya polisi ya PF3 ni muhimu kwa kesi, lakini dawa hazipaswi kungoja karatasi. Nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu mfuko wa plastiki unatunza unyevu na unyevu unaharibu ushahidi. Na kama ameshaoga, aende vilevile. Haya yote yanawahusu wavulana pia, ambao aibu huwafunga mdomo kuliko dada zao.

Nije nyumbani, kwenye ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba mwenzi hana haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Ina zaidi ya miaka hamsini! Hata hivyo, katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16, asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa walau sababu moja, na miongoni mwa sababu zilizoulizwa ilikuwamo kuunguza chakula. Siwalaumu wanawake hao. Walifundishwa kuvumilia na watu waliowapenda. Na sheria yenyewe bado ina tundu kubwa: mume anayemwingilia mkewe kwa nguvu hahesabiwi kuwa amebaka, isipokuwa wametengana. Nasema mbele yenu kwamba hilo ni kosa, na Bunge linapaswa kulirekebisha.

Wenyeviti wangu, nawaheshimu, kwa hiyo nasema bila kuficha. Kupokea pande mbili ofisini kwenu na kuandikiana fidia kwa kesi ya ubakaji si usuluhishi. Ni kuuza haki ya mtu ambaye hajawatuma. Kesi ya namna hiyo ni ya Jamhuri.

Wanafunzi, mwalimu anayetaka mwili ili atoe alama anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Namba ya TAKUKURU ni 113. Mtoto akidhurika, pigeni 116. Polisi ni 112. Ziandikeni sasa hivi, nasubiri.

Kwa uongozi wa chuo nina ombi moja. Dawati la jinsia la chuo linalofungwa saa tisa na nusu alasiri halitamsaidia anayevamiwa saa nne usiku. Tunaomba liwe na mtu wa zamu usiku na Jumapili, namba yake ibandikwe nyuma ya kila mlango wa hosteli, na gari la kwenda hospitali lijulikane ni lipi na ufunguo anao nani. Tunaomba hayo yawe yametimia kabla muhula ujao haujaanza.