Olds na Didsbury: Kura za Wakulima wa Alberta

Kaskazini ya jiji la Calgary, mwendo wa kilomita zipatazo 90 kwa barabara iendayo Edmonton, upo mji mdogo wa Olds, katika jimbo la Alberta, magharibi mwa Canada. Hiyo ni nchi ya ngano, shayiri na ng'ombe wa nyama, na chuo chake cha kilimo kilifunguliwa mwaka 1913. Mji huo na jirani yake, Didsbury, ndiyo iliyolipa jina eneo la uchaguzi wa bunge la Alberta lililoundwa mwaka 1963. Ni wachache nje ya Canada waliowahi kulisikia eneo hilo. Hata hivyo mara mbili, mwaka 1982 na mwaka 2025, wanasiasa wa nchi nzima walikesha wakisubiri hesabu ya kura zake.

Alberta ina desturi ya kukiacha chama kimoja madarakani kwa muda mrefu. Chama cha Social Credit, kikiongozwa na mhubiri na mwalimu William Aberhart, kilishinda mwaka 1935 na kutawala kwa miaka 36 mfululizo. Mwaka 1971 kiliangushwa na chama cha Progressive Conservative cha Peter Lougheed, ambacho nacho kilitawala hadi mwaka 2015.

Wakulima wa Olds na Didsbury hawakuwa na haraka ya kumfuata Lougheed. Waliendelea kumrudisha bungeni Robert Clark wa Social Credit, aliyechaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960, ingawa katika uchaguzi wa mwaka 1979 chama chake kilibakiwa na viti 4 tu kati ya 79. Clark alijiuzulu mwaka 1981, na kiti kikawa wazi wakati wa hasira kubwa.

Chanzo cha hasira hiyo kilikuwa mafuta. Mwezi Oktoba 1980 serikali ya shirikisho ya Pierre Trudeau ilitangaza Mpango wa Taifa wa Nishati, ulioongeza mkono wa Ottawa katika bei na kodi za mafuta. Chama cha Trudeau hakikuwa na mbunge hata mmoja kutoka Alberta. Wengi katika jimbo hilo waliona kwamba mali yao inagawanywa katika baraza ambalo wao hawana sauti ndani yake.

Tarehe 17 Februari 1982, katika uchaguzi mdogo wa Olds-Didsbury, mshindi alikuwa Gordon Kesler wa chama cha Western Canada Concept, kilichotaka majimbo ya magharibi yajitenge na Canada. Alipata zaidi ya asilimia 40 ya kura. Chama tawala cha Lougheed kiliambulia nafasi ya tatu.

Je, wakulima hao walikuwa wameamua kuivunja nchi? Jibu lilipatikana mwaka huo huo. Lougheed aliitisha uchaguzi mkuu mwezi Novemba, na chama chake kikanyakua viti 75 kati ya 79, Olds-Didsbury kikiwamo. Kesler, aliyehamia kugombea katika eneo la Highwood, alishindwa. Chama chake kilipata karibu asilimia 12 ya kura za jimbo zima, lakini hakikupata kiti hata kimoja, kwa kuwa kila eneo hutoa mbunge mmoja tu, yule aliyewazidi wenzake.

Tofauti ya miezi ile tisa ina maelezo. Uchaguzi mdogo haubadilishi serikali. Mpiga kura aweza kumkemea mtawala bila ya kumwondoa. Katika uchaguzi mkuu, karatasi ile ile huamua nani atashika hazina, barabara na shule, na mkono huwa mzito.

Mipaka ilibadilishwa, na tangu mwaka 1997 eneo likaitwa Olds-Didsbury-Three Hills. Mwaka 2012 lilikichagua chama cha Wildrose. Mwezi Desemba 2014 mbunge wake, Bruce Rowe, alikuwa miongoni mwa wabunge 9 wa chama hicho, pamoja na kiongozi wao Danielle Smith, waliohamia chama tawala. Wapiga kura hawakuhama nao: mwaka 2015 walimchagua Nathan Cooper wa Wildrose. Vyama hivyo viwili viliungana mwaka 2017, na mwaka 2022 Smith akawa waziri mkuu wa Alberta.

Cooper alipoondoka bungeni mwaka 2025, mazungumzo ya kujitenga yalikuwa yamepamba moto tena. Katika uchaguzi mdogo wa tarehe 23 Juni, kiongozi wa chama cha Republican cha Alberta, kinachotaka uhuru wa jimbo, aligombea mwenyewe. Alipata karibu asilimia 18 na kuwa wa tatu, nyuma ya chama cha NDP. Tara Sawyer wa chama tawala alishinda kwa asilimia zipatazo 61.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na kila upande ulizisoma tarakimu hizo kwa faida yake. Lakini tofauti na Lougheed mwaka 1982, serikali ya Smith ilikuwa imekwisha kuyafanya malalamiko dhidi ya Ottawa kuwa yake, na mwenye hasira hakulazimika kukihama chama chake ili asikike. Historia ya eneo hili yawaonya watawala kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na yawaonya wapinzani wao kwamba karipio la wakulima si sawa na kukabidhiwa nchi.