Dereva Akisema Ananusa, Gari Lisimame

(Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya madereva na watumishi wa miradi)



Nimeombwa nizungumze juu ya harufu ya kuungua ndani ya gari. Fundi wetu anaijua mada hii kuliko mimi, naye atatuonyesha kwa vitendo baada ya chai. Mimi nitaanza na sisi tunaoketi viti vya abiria, kwa sababu nina deni.

Mwaka 2014 tulikuwa tunatoka Lushoto kwenda mkutanoni Korogwe. Tulikuwa watu saba, na nyuma kulikuwa na magunia ya viazi na kabichi tulizojinunulia wenyewe, ambazo hazikuandikwa popote kwenye kitabu cha safari. Mnaoifahamu barabara ya kushuka kutoka Soni hadi Mombo mnajua kona zake. Tulipoiacha Soni dereva akasema, "Bosi, nanusa breki. Tusimame zipoe kidogo." Nikatazama saa, nikamjibu, "Utasimama Mombo, tumeshachelewa." Alikuwa amenizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi, lakini bosi nilikuwa mimi. Akanyamaza.

Kona chache mbele, pedali ya breki ilizama mpaka chini. Aliipigapiga, akashusha gia, akavuta hendibreki kidogo kidogo, na mwisho akalisugua gari kwenye ukingo wa upande wa mlima mpaka likasimama. Mama mmoja aliteguka mkono. Wengine tulishuka tukitetemeka. Katika ripoti niliandika "hitilafu ya breki", basi. Ofisi ikaanza kumkata dereva gharama ya mlango na kioo cha pembeni. Zilipita wiki tatu kabla sijaenda kueleza kwamba aliomba kusimama nikamkatalia. Fedha yake alirudishiwa, lakini wiki zile tatu alikuwa mkosaji mbele ya madereva wenzake na mbele ya familia yake, nami nilikuwa nampita uani kila asubuhi na kumwamkia "Shikamoo".

Ni nini kilitokea? Breki husimamisha gari kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Ukishuka mlima mrefu mguu ukiwa juu ya pedali muda wote, joto huifikia oili ya breki. Oili ya aina ya DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi joto 205 za Selsiasi. Lakini ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Ikichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea; basi dereva anakanyaga mapovu. Oili ya gari letu ilikuwa ya miaka mingi. Tulikuwa tunaongeza tu ilipopungua. Inafaa kuibadili yote kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama kwa macho inaonekana nzuri. Na katika kushuka, dereva atumie gia ileile ambayo angepandia mlima huo, ili injini ilishike gari.

Mkisimama, pelekeni kiganja karibu na kila ringi bila kugusa. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, breki yake imeng'ang'ania: huenda pistoni imekwama, au hendibreki haikuachia. Msimwagie maji, maana chuma chenye moto mkali kinaweza kupasuka. Acheni zipoe kwa upepo, hata kama ni nusu saa au zaidi.

Harufu ya klachi inafanana na hiyo, ila huja wakati wa kupanda mlima au kujinasua kwenye tope: injini inanguruma, gari haliendi. Mara nyingi ni mguu uliozoea kupumzika juu ya pedali. (Naona wengine mnacheka, mnajijua.)

Harufu ya oili na moshi chini ya boneti, angalieni gasketi ya mfuniko wa juu wa injini. Ikivuja, oili hudondokea eksozi. Harufu tamu tamu ni maji ya rejeta yenye dawa yake. Msifungue mfuniko yakiwa moto. Harufu ya mpira, tazameni mkanda wa feni.

Ninayoiogopa zaidi ni harufu ya plastiki, kwa sababu hizo ni nyaya. Zimeni gari, abiria washuke, na kama hakuna moshi wala moto, fungueni waya hasi wa betri. Kisha tafuteni waya uliochubuka. Fyuzi ikikatika mara ya pili, msiweke kubwa zaidi, wala ile karatasi ya pakiti ya sigara. Nimeikuta katika gari la mradi, na aliyeiweka yumo humu ukumbini. Sitamtaja. Miali ikianza kuonekana chini ya boneti, msiifungue wazi, kwa kuwa hewa huuchochea moto. Kaeni mbali.

Kwa wanaokwenda vijijini wakati wa kiangazi: majani makavu hujikusanya chini ya gari, juu ya eksozi, na huweza kuwaka. Inameni mchungulie kila mnapotoka porini.

Utaratibu tuliokubaliana ni huu. Dereva akisema ananusa kitu, gari linasimama, hata kama ndani yumo Baba Askofu. Kitabu cha safari kimeongezwa safu ya kuandika alichonusa, saa ngapi, na nani alikuwa kiti cha mbele. Mizigo ya kununua njiani nayo itaandikwa, viazi vikiwemo.

Sasa tunywe chai, kisha twende uani. Fundi amekwisha kung'oa gurudumu moja la lile gari jeupe, na pedi za breki ziko mezani. Kila mmoja azishike na azinuse, wakuu wa vituo mkitangulia.