Anayemtunza Mzazi Naye Apumzike



Anayemtunza mzazi aliyepoteza kumbukumbu hapati usingizi. Mama akifungua mlango usiku na kupotelea kwenye boma la watu, kuna watakaomwita mchawi. Hofu hiyo ina msingi: mwaka 2021, akina mama wanne wazee waliuawa Marani kwa madai ya uchawi.

Basi mtunzaji hawezi kufunga mlango na kwenda zake. Anahitaji mtu wa kukaa na mgonjwa. Hapa Gusii tunajua egesangio: leo kundi linalima kwa huyu, kesho kwa yule. Zamu hizo zifae nyumbani pia. Jirani akae na mama alasiri moja kwa wiki, mtunzaji aende sokoni, kanisani, au alale tu. Kulala nako ni shughuli.

Jirani aonyeshwe dawa, saa za chakula na jina ambalo mama hulipenda. Wana wa kiume nao washike zamu. Mkaza mwana asiachiwe kila kitu. Mhudumu wa afya ya jamii ajulishwe, na majirani waambiwe mapema kwamba mama ni mgonjwa, kabla hajapotea.