Jengo Halifundishi

Hotuba fupi ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa kata



Wengi mmeuliza: majengo ya Kampasi ya Kagera ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yanatokana na fedha za nani? Yamo katika mradi wa HEET, unaogharimiwa na mkopo wa dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa ajili ya elimu ya juu nchini. Mkopo hulipwa kwa kodi. Kwa hiyo kuuliza ni haki yenu.

Hata hivyo, jengo halifundishi. Chuo hicho kilianza mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Walimu walitangulia, majengo ya Mlimani yakafuata.

Mhadhiri hulipwa kila mwezi, na maabara huhitaji vifaa kila muhula. Fedha hizo hutegemea ada na bajeti inayopitishwa na Bunge kila mwaka. Zikipungua, tutabaki na kumbi nzuri zisizo na masomo.

Nawaomba mambo mawili. Kila bajeti inapokaribia, mwulizeni Mbunge wenu kuhusu fedha za kuendeshea kampasi. Pili, anayeshawishiwa kuuza kibanja asiharakishe. Aishirikishe familia na serikali ya kijiji, asije akawa mpangaji katika ardhi ya babu yake.