HOTUBA YA MWENYEKITI: MIMBA IKIHARIBIKA, TUWAHI HOSPITALI



Katibu amekwisha kuwasomea taarifa ya hisa, mikopo na marejesho ya miaka kumi, kwa hiyo mimi sitairudia. Nimeomba niseme juu ya jambo ambalo halimo katika daftari letu, nalo ni mimba kuharibika ikiwa bado changa.

Mfuko wetu wa jamii unatoa rambirambi mwanachama akifiwa, unatoa pole akilazwa, na akijifungua tunampelekea khanga na sabuni. Lakini mimba ikitoka, daftari halina mahali pa kuandika. Mwenzetu mmoja, ambaye ameniruhusu niseme bila kumtaja jina, alikopa akaandikisha mtaji wa dagaa wa Mbamba Bay. Fedha yote ikaishia kwenye matibabu. Alikuwa ametokwa na damu nyumbani siku nne, eti anaogopa majirani watasema ameitoa mwenyewe. Alipofikishwa ilibidi aongezwe damu. Leo yuko hai, tunamshukuru Mungu. Lakini jamani, siku nne za kuogopa maneno ya watu ni nyingi mno.

Mimi nimesoma hadi darasa la saba, si mganga. Haya ninayosema niliyauliza kwa wakunga, nikayaandika.

Katika kila mimba 10 zinazojulikana, moja au zaidi huharibika, na nyingi ni ndani ya wiki 12 za mwanzo. Mara nyingi sababu ni kwamba mimba yenyewe haikujiumba sawasawa tangu ilipotungwa. Mama hakufanya kosa. Siyo ndoo ya maji, siyo ugomvi na wifi, wala siyo kijicho cha jirani. Yapo magonjwa yanayoweza kuharibu mimba, kama malaria, kaswende na kisukari kisichotibiwa, ndiyo maana tunahimizana kuwahi kliniki.

Sasa, mama mwenye mimba changa akiona damu, aende kituoni. Si kila damu ina maana mimba imetoka. Nyingine hutulia na mtoto akazaliwa salama. Huko atapimwa mapigo ya moyo, presha, joto na wingi wa damu, na penye kipimo cha ultrasaundi ataangaliwa kizazi. Wanataka kujua mambo mawili. Mimba ipo, imetoka yote, au imebaki nusu? Na je, imetunga ndani ya kizazi, au nje kwenye mrija? Iliyotunga nje ni hatari sana, kwa sababu mrija ukipasuka damu humwagikia ndani ya tumbo. Ukiona maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, kizunguzungu, kuzirai au maumivu ya begani, usingoje asubuhi, hata kama damu inayotoka ni kidogo tu.

Ikithibitika kwamba mimba imeharibika ndani ya kizazi, na mama hana homa wala hatokwi na damu nyingi, zipo njia tatu.

Ya kwanza ni kusubiri. Mwili wenyewe hutoa kilichobaki, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Mama hukaa nyumbani, lakini anarudi kwa tarehe aliyopangiwa.

Ya pili ni dawa. Ipo dawa iitwayo misoprostoli, ambayo hukaza kizazi kisukume kilichobaki. Tumbo litauma na damu itatoka, kwa hiyo hupewa na ya maumivu. Hii ni dawa ya kupewa na mtaalamu aliyekupima. Kuinunua dukani kwa kunong'onezana, bila kujua mimba imetunga wapi, ni kucheza na maisha.

Ya tatu ni kusafisha kizazi. Wengi wetu tunaogopa hapa kwa sababu ya hadithi za kukwanguliwa na chuma. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linashauri chuma kile kisitumike kwa kazi hii, bali kifaa cha kuvuta kwa mkono, kama bomba la sindano kubwa la plastiki. Mama hupewa dawa ya maumivu, kazi yenyewe ni ya dakika chache, na mara nyingi anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mwenye damu nyingi hasubirishwi. Husafishwa mara moja, na mwenye uchafu kizazini hupewa na dawa za kuua vijidudu.

Na hii tuikariri kama tunavyokariri katiba yetu. Rudi hospitali ukilowesha pedi au vitambaa viwili kwa saa moja, na ikaendelea hivyo saa mbili mfululizo; ukipata homa au baridi; uchafu ukinuka; tumbo likizidi kuuma; au ukiona giza. Dawa za mitishamba za "kusafisha tumbo" tuziache. Na mjue kwamba mimba nyingine inaweza kushika ndani ya wiki mbili tu, hata kabla ya hedhi. Asiyetaka aombe njia ya uzazi wa mpango siku hiyo hiyo.

Kuhusu hofu ya kuulizwa, akina mama, huduma hii ni halali na ni ya kila mwanamke. Mwambie mhudumu ukweli wote, kwa sababu anautumia kukutibu. Tunayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Songea, ipo ya Mtakatifu Yosefu kule Peramiho, na vipo vituo vya afya. Zahanati ikishindwa, itakuandikia rufaa.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mama mjamzito atibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Lakini nauli ya bodaboda usiku haimo katika sera, wala chakula cha anayemuuguza, wala siku ambazo genge limefungwa. Hapo ndipo kikundi kinapoingia.

Kwa hiyo naweka mbele yenu mapendekezo matatu, tuyapigie kura katika mkutano mkuu. Moja, mfuko wa jamii utoe pole kwa mwanachama aliyeharibikiwa na mimba, sawasawa na anayelazwa. Mbili, mkopo wa dharura ya ugonjwa utolewe usiku wowote na mweka hazina pamoja na kiongozi mmoja, bila kuuliza ugonjwa gani. Daftarini iandikwe "matibabu", basi. Tatu, kila kikundi kidogo cha watu watano kiwe na namba ya simu ya dereva mmoja anayeaminika.

Akina baba mliokuja, nanyi nawaomba. Mkeo akikwambia anaona damu, usianze kumhoji. Tafuta usafiri, na ukiweza kuchangia damu, changia. Akirudi nyumbani, umlinde na maneno ya ndugu. Mimba ya wiki nane haina kaburi wala matanga, lakini mama yule amefiwa. Apewe pole na apumzike, jembe litamngoja.

Miaka kumi tumeaminiana kwa fedha. Ukimkabidhi mwenzako ufunguo wa sanduku, unaweza pia kumgongea mlango saa nane za usiku ukamwambia, "Dada, natokwa na damu, nipeleke." Na yule aliyegongewa ainuke, asiulize.

 Mungu akibariki kikundi chetu.