Miaka Iliyolala

Juma hili tuko nyanda za juu za Kigoma, kwa mwalimu wa darasa la awali. Yule anayewafuta watoto kamasi kwanza, ndipo awafundishe a, e, i, o, u.

Mwaka 2016 Serikali ilisitisha kupandisha vyeo ili ihakiki watumishi hewa na vyeti. Mei Mosi 2021, mjini Mwanza, Rais Samia akaahidi kwamba madaraja yatapanda. Sawa. Lakini miaka iliyolala hapo katikati atailipa nani? Chukua mwalimu wa Kasulu aliyepanda kabla ya zuio, na mwenzake wa Kibondo aliyekuwa akingoja barua. Hata kama waliajiriwa siku moja, hawalingani tena, na pengo hilo linawafuata hadi kwenye pensheni, maana pensheni huhesabiwa kwa mshahara.

Tena mwaka 2012 Kibondo ilizaa Kakonko, Kasulu ikazaa Buhigwe. Mtumishi akihamia halmashauri mpya, jalada lake nalo lihame. Likichelewa njiani, anayeadhibiwa ni mwalimu, si mwenye kulichelewesha.

Mimi nasema orodha ya wanaostahili kupanda ibandikwe ukutani, kila halmashauri, mwezi mzima kabla barua hazijatoka. Aliyerukwa aje na barua yake ya ajira, aonyeshe tarehe.